Muuguzi wa Ibra anayefundisha pa kuweka nukta

Saa tisa na nusu alasiri, siku ya Alhamisi. Jua la Agosti limewaondoa watu wote njiani mjini Ibra, Oman. Ndani ya nyumba ya Rahila Muhanna kiyoyozi kinanguruma, viatu vimejaa mlangoni, na watu kumi na wanne wamekaa juu ya zulia wakitazama ubao mweupe ulioegemezwa ukutani.

Rahila, mwenye umri wa miaka 44, ni muuguzi wa wodi ya wanawake katika hospitali moja ya mji huu. Kwenye ubao ameandika neno moja tu la Kiswahili: Amelala.

"Hii ni sentensi au si sentensi?" anauliza.

"Sentensi!"

"Imekamilika?"

"Imekamilika."

"Haya, Tufool, nipe kwa Kiingereza."

Tufool ni msichana wa miaka ishirini na miwili, mzaliwa wa Ibra, anayesubiri mtihani wa kuajiriwa wodini. Anachukua kalamu na kuandika "Sleeping". Anasita, kisha anaongeza neno mbele yake: "Patient sleeping".

"Bado, habibti," Rahila anamwambia. "Kiswahili kimebeba vyote ndani ya neno moja. Nani, lini, anafanya nini. Kiarabu nacho kinaruka hapa katikati, hakisemi 'ni'. Kiingereza hakitaki kubebwa wala kurukwa. Kinataka kila neno lije kwa miguu yake."

Anaandika mwenyewe: "She is sleeping." Anaweka nukta, halafu anasogea pembeni ili wote waione.

Darasa hili halina jina wala bango, na wengi wake ni wa familia zilizorudi kutoka Afrika Mashariki na Kiswahili chao. Wanakuja wauguzi vijana, karani wa baladia, yaani manispaa, mwalimu wa shule ya msingi, na Mohannad, kijana anayefanya kazi katika kiwanda cha gesi huko Sur, ambaye kila Alhamisi anapita barabara ya Al Kamil hadi Ibra ili ajue kuandika ripoti ya zamu. Hakuna anayelipa. Wanaleta tende, halua, mara nyingine vitumbua, na wote wanakula.

Miaka tisa iliyopita Rahila mwenyewe hakuweza kuandika sentensi hata moja ya Kiingereza.

Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, katika familia ya Kiomani iliyohamia huko tangu enzi ya babu yake. Nyumbani walisema Kiswahili, shuleni Kifaransa. Akasomea uuguzi kwa Kifaransa na akafanya kazi miaka kumi na mmoja katika zahanati ya akina mama. Vita vilipochacha, yeye na mumewe, Himid, wakauza walichoweza kuuza na kuja Oman. Ilikuwa 1994.

"Nilikuja na cheti changu kwenye mkoba, nimekikunja vizuri," anasema. "Nikadhani nitakitoa tu niwaonyeshe, kesho yake niko kazini."

Hospitalini walikipokea cheti kwa heshima. Wakamweleza kuwa huku kila kitu kinaandikwa kwa Kiingereza: joto la mgonjwa, dawa aliyopewa, alivyoamka asubuhi. Asiyeweza kuandika hawezi kukabidhiwa wagonjwa. Mpaka atakapofaulu mtihani wa kuandika, watamchukua kama msaidizi.

Akakubali. Akawa anatandika vitanda, anaosha wagonjwa, anabeba mabeseni. Mshahara ulikuwa nusu ya ule wa muuguzi, lakini anasema si hilo lililomuuma.

"Namwosha mama, naona kidonda kimeanza kuharibika. Najua ni nini. Najua kinataka nini. Lakini sina pa kukisema. Namwita muuguzi, namwonyesha kwa kidole, kama mtoto anayeonyesha pipi dukani."

Mwaka 1996 akajaribu mtihani. Alipewa habari za mgonjwa aandike ripoti ya nusu ukurasa. Mgonjwa alikuwa mjamzito. Msahihishaji alipomwita kumpa majibu alikuwa anajizuia kucheka.

"Akaniuliza, dada, mgonjwa wako ni nani hasa? Mstari wa kwanza ni mwanamke, wa pili mwanamume, wa tatu huyo mwanamume ana mimba ya miezi saba." Rahila anacheka sasa. "Siku ile sikucheka. Kwetu 'yeye' ni yeye. Sikuwahi katika maisha yangu kufikiria kuwa 'yeye' anaweza kuwa wawili."

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Ripoti yote ilikuwa sentensi moja. Ilianza juu ya karatasi na kuteremka hadi chini, "and" hii, "and" ile, bila pa kupumzika.

Alikaa wiki nzima hataki kusikia habari za mtihani. Himid, ambaye alikuwa dereva wa lori la maji, ndiye aliyemshawishi atoke angalau aende soko la Jumatano. Soko hilo la Ibra ni la wanawake. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, wanaume hawaingii.

Katikati ya vitambaa na manukato Rahila akasikia sauti ikigomba kwa Kiswahili cha Unguja.

"Kitambaa gani hiki, bibi, rangi inatoka hata hakijatiwa maji!"

Alikuwa Bi Rawya, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya wasichana Unguja kabla ya 1964. Rahila akamwendea, akamwamkia shikamoo. Bi Rawya akaitika marahaba, akamtazama juu mpaka chini, akamuuliza wewe wa wapi. Walipomaliza kununua vitambaa, Rahila alikuwa ameshamweleza habari yote, mpaka ya yule mwanamume mwenye mimba.

Bi Rawya hakumpa pole. "N'takufunza," akamwambia. "Lakini kulia mbele yangu sitaki. Ukitaka kulia, lia kwako, kisha uje."

Kwa miaka miwili Rahila akawa anakwenda nyumbani kwa Bi Rawya kila akitoka kazini. Somo la kwanza halikuwa na kitabu. Kila siku aandike sentensi tano juu ya mumewe na tano juu ya jirani yake, mwanamke aitwaye Asya. Mume ni "he". Jirani ni "she". Hakuna sentensi kuzidi mstari mmoja.

"Mimi ndiye niliyetolewa kafara," anasema Himid, ambaye amekaa kando akimenya machungwa kwa ajili ya wageni. "Kila siku mimi nakoroma, mimi nimesahau mkate, mimi nimechelewa. Jirani yeye kapika, kafua, kapanda maua. Nikamwambia, mke wangu, hata kwa Kiingereza hunionei huruma?"

Baadaye likaja somo la wakati. Bi Rawya alimfanya aandike "was bleeding" na "is bleeding", kisha akamuuliza tofauti. Rahila akajibu kuwa moja ni zamani na nyingine ni sasa.

"Hilo jibu la shule," Bi Rawya akasema. "Wewe muuguzi. Nijibu kama muuguzi."

Rahila akafikiri. Kisha akasema, "Wa kwanza ninamwangalia. Wa pili ninamkimbilia."

"Ehe. Sasa umeanza kuandika."

Mwaka 1997 alifanya mtihani tena akashindwa, safari hii kwa alama chache. Mwaka 1998 akafaulu. Siku aliyovaa sare nyeupe kwa mara ya kwanza tangu Bujumbura, alipita kwanza kwa Bi Rawya kabla ya kwenda kazini. Bi Rawya akamwekea kola sawa, akamwambia asichelewe.

Machi 2001 mvua ilinyesha milimani siku mbili mfululizo. Mchana wa siku ya tatu gari la pikapu liliingia hospitalini likiwa limepakwa tope mpaka madirishani. Lilitoka Dima wa Tayyin, huko milimani, na lilikuwa limesubiri mabonde yapungue maji ndipo livuke. Ndani yake alikuwemo Badria, mwanamke wa miaka ishirini na sita, aliyejifungua nyumbani siku chache nyuma na sasa anawaka homa. Mama yake alikuwa amempakata mtoto mchanga.

Daktari alimpima, akaamua apelekwe Muscat haraka, akaandika barua ya rufaa na kukimbilia chumba cha upasuaji kwa mgonjwa mwingine. Gari la wagonjwa likawashwa. Hapo ndipo yule mama, akiwa anambembeleza mtoto, alipomwambia Rahila jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: binti yake aliwahi kupigwa sindano ya penisilini, midomo ikavimba, koo likafunga, akakaribia kufa.

Rahila alikuwa na dakika chache. Mama yake Badria na mtoto walikuwa wanabaki Ibra, kwa kuwa kichanga nacho kilihitaji kuangaliwa. Muuguzi aliyepangiwa kumsindikiza Badria alikuwa amempokea pale mlangoni, hajui habari zake, na neno la mdomo hupotea katika kukabidhiana. Yote ambayo Muscat wangejua ni yale yatakayokuwa kwenye barua ya daktari na kwenye karatasi ya muuguzi aliyokuwa akiijaza Rahila.

"Mkono ulitaka kuandika kama zamani, yote pamoja, kwa sababu ya haraka," anakumbuka. "Mgonjwa hana hiki, hana hiki, mzio wa penisilini. Nikaona, nikiandika hivyo, ile 'hana' itaumeza na mzio. Mtu akisoma mbio ataelewa kwamba hana mzio. Nikasimamisha mkono."

Akaanza mstari mpya. Akaandika: "She is allergic to penicillin." Nukta. Chini yake akaandika sentensi nyingine fupi ya kilichompata mara ile. Nukta. Akampa muuguzi karatasi na gari likaondoka.

Njiani Badria alipoteza fahamu. Alifika Muscat hawezi kusema hata jina lake.

Siku tisa zilipita. Rahila akaitwa kwenye simu ya ofisi ya msimamizi wa wauguzi. Upande wa pili alikuwa daktari wa Muscat, akiuliza ni nani aliyeandika ile karatasi.

"Nikamjibu ni mimi," anasema. "Nikajua tayari, nimekosea 'he' na 'she', na safari hii wananirudisha kwenye mabeseni."

Daktari alimweleza kuwa sindano ya penisilini ilikuwa imeshaandaliwa. Alikuwa na wagonjwa wengi kupindukia siku hiyo, na karatasi ile aliisoma mara moja tu, amesimama. Ile mara moja ilitosha. Wakabadilisha dawa. Badria alikuwa ameanza kukaa kitandani na kuulizia mtoto wake.

Rahila akarudisha simu mahali pake, akaenda chumba cha kubadilishia nguo na kujifungia humo. "Nililia," anakiri. "Na Bi Rawya hakuwepo kunikataza."

Msimamizi wa wauguzi ndiye aliyemwomba awaonyeshe wenzake namna anavyoandika. Rahila alikataa mara mbili. Nani atafundishwa Kiingereza na mtu wa Bujumbura? Mara ya tatu akakubali kuwaalika nyumbani, wanywe kahawa, wazungumze. Walikuja watatu. Alhamisi iliyofuata wakaja sita.

Bi Rawya, sasa ana miaka 71 na macho yamemtupa, hakosi. Amewekewa mto wake karibu na ubao ingawa ubao hauoni. Kazi yake ni kusikiliza. Mwanafunzi anasoma alichoandika kwa sauti, na yeye anafumba macho.

Leo ni zamu ya Mohannad. Anasoma ripoti ya zamu juu ya vali ya bomba la gesi iliyokuwa ikivuja. Bi Rawya anainua kidole kabla hajafika mbali.

"Hapo. Umepumua lakini sauti haijashuka. Umetia nini hapo?"

Mohannad anaangalia karatasi yake. "Mkato, Bibi."

"Vali ishafungwa au haijafungwa?"

"Ishafungwa, Bibi. Hiyo imekwisha."

"Imekwisha na wewe waiachia mlango wazi? Tia nukta, mwanangu, ukafunge."

Darasa linacheka, Mohannad naye anacheka, anafuta mkato na kuweka nukta.

Mwezi ujao Rahila anaanza masomo ya ukufunzi wa wauguzi mjini Nizwa. Alituma maombi bila kumwambia mtu, hata Himid, akihofia kuaibika asipochaguliwa. Majibu yalikuja Julai. Atakaa Nizwa siku za wiki na kurudi Ibra Jumatano jioni, wiki ya kazi inapokwisha, na akimaliza anatarajia kufundisha uandishi wa ripoti kwa wauguzi wapya wa mikoa ya Sharqiyah na Dakhiliyah.

"Nataka binti yeyote anayetoka milimani, aliyesoma kwa shida kama mimi, asikae miaka minne akionyesha kidonda kwa kidole," anasema. "Akikiona, akiandike. Na atakayesoma aelewe."

Kuhusu darasa la Alhamisi, amekwisha kuamua. Kuanzia mwezi ujao Tufool ndiye atakayesimama mbele, hata wiki ambazo mitihani itamzuia Rahila Nizwa. Tufool aliposikia, aliziba uso kwa shela.

"Mama Rahila, mimi Kiingereza yangu bado kidogo!"

"Hata yangu," Rahila akamjibu. "Ile 'the' yao mpaka leo sijui vizuri lini inakuja na lini inakaa kwao. Wewe simama tu. Nikiwa Ibra nitakaa hapo nyuma karibu na mlango, nami ninyooshe mkono niulize."