Jina la Baba Kwenye Kibao

Kosa langu la kwanza baada ya baba kufa lilikuwa kuandika jina lake kwenye kibao na kulisoma kwa sauti mbele ya watu. Sisi Waarusha hatulitaji jina la mtu aliyekufa. Hilo nalijua tangu utotoni, kama ninavyojua kwamba moto unaunguza. Nililitaja vilevile, na sababu yake inaniaibisha: nilitaka waone nilivyoandika vizuri.

Herufi nilijifunza mwenyewe. Tulipokuwa tukibeba mawe ya kujengea ngome ya Wadachi pale Arusha, nilitazama maandishi kwenye masanduku ya mizigo, na askari mmoja wa pwani akanitajia moja moja kila nilipomsumbua. Jioni nilizichora kwenye majivu. Herufi moja ikilala upande, nilifuta zote nikaanza upya. Ndivyo nilivyo. Hata uzio wa zizi nikiuona umepinda, siwezi kula kwa amani.

Baba alizikwa kama anavyozikwa kwetu mzee mwenye watoto na ng'ombe. Alipakwa mafuta ya dume lililochinjwa, akavishwa viatu vipya vya ngozi, akalazwa ubavu, magoti yamekunjwa, na majani mabichi mkononi. Tukarundika mawe juu yake, na kila mpita njia akaongeza la kwake. Hakuna kilichokosewa. Hilo ndilo linaloniumiza: kila kitu kilikuwa sawa, mimi nikaona hakitoshi. Nilikuwa nimeyaona makaburi ya watu wa misheni, yamepangwa safu, yana vibao vyenye majina. Nikachukua ubao wa sanduku, nikachoma herufi kwa chuma cha moto. Moja ikainama. Nikachukua ubao mwingine.

Siku watu walipokusanyika kunyolewa nywele ili msiba uishe, nikakisimamisha kibao changu kwenye mawe.

"Mikwaruzo gani hii?" baba mdogo aliuliza.

Nikasoma. Kiganja chake kilinifika mdomoni, lakini jina lilikuwa limekwishatoka.

Mama alikuwa ameshavua mapambo yake ya shaba na kukaa chini kusubiri wembe. Akainuka. Akaenda kwa kaka yake, kule juu karibu na msitu, na nywele zake kichwani. Kwetu mjane ambaye hajanyolewa hapandi ulezi. Mvua zilikuwa zinakaribia, na shamba lake likakaa na magugu kwa sababu yangu.

"Mtu ameshaondoka, wewe unamwita," aliniambia nilipomfuata. "Nitanyolewa vipi wakati mume wangu bado anaitwa?"

Nikaanza kuzunguka kwa wazee. Nilitaka utaratibu kamili wa kulifuta kosa, kipi kianze na kipi kifuate. Kila mahali niliinamisha kichwa nishikwe utosini, kama kijana anavyopaswa kusalimu, nikauliza swali lilelile. Wa kwanza akasema nikichome kibao. Wa pili akashtuka: nikichome, moshi ulisambaze jina mlima mzima? Wa tatu akasema nikizike, kisha akafikiri, akasema hapana, kitamfuata marehemu huko aliko. Nilikasirika, nikamwuliza kwa ukali, jambo ambalo sikupaswa kulifanya:

"Sasa sheria ni ipi, baba?"

"Sheria ya nini? Hakuna aliyewahi kufanya upuuzi huu. Wewe ndiye wa kwanza. Tunga mwenyewe!"

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akamwaga ugoro wake.

Nilirudi kwa mama na hoja niliyoipanga njia nzima.

"Mama, wewe hujui kusoma. Pale nyumbani hakuna hata mmoja anayejua. Kwenu ile ni mikwaruzo tu."

"Na wewe?"

"Mimi najua."

"Ukipita pale, unaona nini?"

"Jina lake."

"Basi kila ukipita unamwita, hata ukifunga mdomo."

Siku zote zile nilikuwa nawasumbua wazee wa watu, kumbe tatizo lilikuwa macho yangu. Nakiri na jambo jingine: sikutaka kukiharibu kibao. Kilikuwa kitu cha kwanza nilichowahi kuandika bila herufi hata moja kupinda.

Kesho yake asubuhi nilikichomoa, nikakipeleka kwa mjomba pamoja na tezo, nikaketi mbele ya mama nikaanza kuchonga. Herufi zilikuwa zimeingia ndani sana, nikachonga mpaka ubao ukabaki mwembamba. Baba mdogo alikuwa amenifuata, akasimama akitazama. Nilipoanza kuokota vipande vilivyoanguka, kimoja kimoja, isibaki hata nusu ya herufi, akanikemea.

"Wewe! Unataka kuvipanga tena? Acha, kuku watavichakura."

Nikaacha. Ilibidi niikalie mikono yangu.

"Kinasema nini sasa?" mama akauliza.

"Hakisemi kitu."

"Tazama vizuri."

Nilitazama. Kusema kweli, nilikumbuka kila herufi ilipokuwa, na nadhani mama aliliona hilo usoni mwangu. Lakini ubao wenyewe ulikuwa mtupu.

"Hakuna kitu, mama."

Mama akamwambia wifi yake alete wembe na maziwa ya kulowesha nywele. Akanyolewa palepale uani.

Mvua zilimkuta amerudi kwake. Ulezi aliupanda kwa kuchelewa, ukaota kwa mapengo. Tangu hapo naendelea kuandika, ila majina ya waliokufa siyaandiki, na sisomi kitu mbele ya watu kabla sijamwuliza mama.