Ng'ombe Tuliyomuaga Nayo OCS Wathome

Ng'ombe yetu iliyoibiwa niliiona tena mchana kweupe, imevalishwa shanga, polisi anapewa zawadi.

Na huyo polisi hakuwa mwizi. Ngoja nikwambie.

Naitwa Soipan, wa Bisil. Mwaka wa tisini na nane mama yangu, mjane, alikuwa na ng'ombe moja tu duniani. Tuliiita Nado, yaani nyekundu. Maziwa yake ndiyo yalinisomesha.

Ikaibiwa.

OCS wetu, mkuu wa kituo cha polisi, alikuwa Mkamba anaitwa Wathome. Huyo mtu, aki! Alichuchumaa na mama kwa vumbi, mama akamchorea na kijiti alama ya sikio la Nado. Kwetu kila boma liko na alama yake. Akaishika kichwani.

Kila siku ya soko utampata hapo, anainua masikio ya ng'ombe za watu. Elmi, mchuuzi wa mifugo, alikuwa anamcheka: "Afande, unatafuta hereni?"

Wizi ukaisha Bisil nzima. Nado tu ndiyo haikupatikana.

Mwaka uliofuata akapewa transfa. Wenye maduka wakasema hawezi kuondoka mikono mitupu. Wakachanga bila yeye kujua, wakamtuma Mburu wa duka la hadiwea akanunue ng'ombe ya maziwa huko Kimana. Sasa Mburu na alama za masikio, wapi na wapi? Akaileta, wakaipamba shanga kutoka pembe mpaka masikio.

Na kwa sababu mama ndiye alihangaikiwa sana na OCS, wakasema yeye ndiye atamkabidhi kamba.

Siku ikafika. Wazee wakaitemea baraka. Mama akaitwa, mimi nyuma yake. Akashika kamba.

Ng'ombe ikamnusa, ikaanza kulamba shuka yake.

Nikasogeza shanga nione sikio. Woi!

"Yeyo, ni Nado!" nikamnong'oneza kwa Kimaasai.

"Najua. Nyamaza."

"Si useme!"

"Niseme nini, Soipan? Imeshabarikiwa, hiyo hairudi. Na nikisema, kesho watu watasema afande aliondoka na ng'ombe ya wizi. Mtu mzuri hivi?"

Akampa kamba.

OCS naye, mazoea ni mazoea, akainua sikio. Akaganda. Akamwangalia mama, macho yakajaa machozi. Akafungua mdomo, akaufunga. Halafu akampigia mama saluti. Vigelegele kila mahali!

Nilijua ameitambua. Nikangoja aseme. Hakusema, na Nado ikapandishwa lori ikaenda.

Kutoka siku hiyo kwetu ilikuwa chai ya strungi, bila maziwa. Mama hakuwahi kulalamika. Mimi nilimchukia yule mtu na roho yangu yote. Kumbe polisi ni wale wale tu, nilijiambia.

Mama alifariki 2006. Mwaka uliofuata nikasikia Wathome amestaafu, ako Kitengela, hapo Noonkopir. Nikaenda. Nilikuwa nimepanga matusi yangu vizuri.

Alinifungulia geti mwenyewe, mzee, anatembelea mkongojo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ng'ombe mbili nyekundu.

"Wajukuu wa Nado," akasema, anacheka. "Soipan, serikali ilinipa medali, hata sijui ziko wapi. Lakini mama yako! Alipata ng'ombe yake ya pekee, na badala airudishe nyumbani akanipa mimi. Nilitaka kukataa, lakini unakataaje mbele ya wazee? Hakuna mtu amewahi kuniheshimu hivyo."

Nikayaacha matusi yote niliyokuja nayo.

"Alikwambia aliipata wapi?" akauliza.

"Hapana, mzee," nikasema. "Aliniambia tu wewe ni mtu mzuri."

Akafuta macho. Akanimiminia maziwa, kikombe kikajaa mpaka juu, nikayanywa yote huku ananiangalia.

Nililia kutoka kwa hilo geti mpaka stegi ya matatu.

Wapendwa, ukinyamaza kwa heshima ya mtu, naye atajitungia sababu ya kunyamaza kwako. Akishaizeekea, utaanzaje kumnyang'anya?