Vipimo Mia Moja na Arobaini vya Kunyamaza

Hii aibu nimeikalia miezi mitano, na naisimulia tu kwa sababu watu wa Kianyaga wanaisimulia vibaya (wengine wanasema nilianguka kutoka jukwaani, na mimi sikuanguka, nilishuka kwa miguu yangu, ambayo ukifikiria vizuri ni mbaya zaidi). Basi ichukueni kwangu mwenyewe.

Mimi ni Muriithi, napiga saksafoni. Napiga kanisani kwetu Kianyaga kila Jumapili, napiga harusini, napiga mazishini, na kwa mambo hayo siogopi mtu. Shida ilianza siku mchumba wangu Nyambura aliponipeleka kwao Tetu nikaonane na baba yake, mzee wa kahawa na ng'ombe wawili wa maziwa, mtu wa maneno machache. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia napiga saksafoni.

"Hiyo nimeambiwa," akasema. "Sasa nauliza kazi."

Nyambura akaangalia chai yake. Mimi, badala ya kumweleza mzee habari za harusi na mazishi, nikataka kuonekana mtu mkubwa, nikamwambia niko kwa okestra ya Nyeri mjini, ile ya watu arobaini na vayolini, na tuna konsati mwezi ujao. Mzee akafikiri kidogo, akasema atakuja ajionee kwa macho yake, na akishaona ndio ataniambia kama wazee wetu waje kwa ruracio kuanza mambo ya mahari au wakae kwao. Nyambura alikuwa ananingoja mwaka wa pili sasa, na njiani kurudi alinishika mkono akaniambia tafadhali, hiyo siku usiharibu. Nikacheka. Niharibu nini na mimi nimezaliwa na hiyo kitu mdomoni?

Sasa kuna jambo sikumwambia mzee, na hata Nyambura sikumwambia. Okestra haina haja na saksafoni. Huyo Mbelgiji aliyeunda hii kitu aliiunda wakati okestra ilikuwa imeshajaa, kila kiti kina mwenyewe, na watunzi wengi wakaendelea na maisha yao kama hajaunda chochote. Mara mojamoja anatokea mmoja anaiandikia kasehemu kadogo, ka dakika moja hivi, tamu mpaka unaweza kulia, halafu anaisahau kabisa. Ndivyo nilivyoingia mimi. Mwalimu Barasa, mtu wa Bungoma anayefundisha muziki huko Nyeri na ndiye anayeongoza okestra, alikuwa amechagua kipande cha Mfaransa fulani chenye solo ya saksafoni, na akanitafuta. Kazi yangu ilikuwa hivi: nikae nihesabu vipimo mia moja na arobaini vya kunyamaza, kila kimoja mapigo manne, moja mbili tatu nne, mbili mbili tatu nne, hivyo hivyo mpaka mwisho, halafu nipige vipimo kumi na sita, halafu ninyamaze tena mpaka watu waende nyumbani.

Na hicho kipande kilikuwa cha tatu. Viwili vya kwanza havikuwa na saksafoni hata kidogo, lakini Mwalimu alitaka wote tukae jukwaani tangu mwanzo ili tusiwe tunapitapita. Kwenye mazoezi nilikuwa nafika wakati wa kipande changu tu, kwa hivyo hivyo viwili vya kwanza sikuwahi kuvisikia hata siku moja (kumbukeni hapo).

Siku ikafika, Jumamosi alasiri, manyunyu na ile baridi yetu, ukumbi wa kanisa umejaa. Mzee alikaa safu ya tatu na kofia magotini, Nyambura kando yake. Upande wa pili kulikuwa na jeshi langu kutoka Kianyaga, akina mama kumi na mmoja wa kanisa letu wakiwa na sare na vitambaa vyeupe kichwani, wakiongozwa na tata Wangari, dada ya baba yangu, ambaye alibeba kiondo cha nduma (magimbi ya shambani kwetu) za kumpa mzee baadaye kama salamu ya kwetu. Niliwaalika mimi mwenyewe. Niliwaambia mtaniona nikifanya kazi.

Kipande cha kwanza kikaanza na mimi nimekaa. Vayolini zinaruka, mtu wa ngoma anatoa jasho, na mimi nimekaa na saksafoni inang'aa mapajani. Dakika ya tatu nikaona mzee anamwinamia Nyambura, ananionyesha kwa kofia na kuuliza kitu. Sikusikia lakini nilijua anauliza nini. Anauliza, na yule wako, mbona hafanyi?

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo. Niliinua saksafoni nikaiweka mdomoni, nikajaza mashavu, nikaanza kutembeza vidole. Bila sauti. Niliyumba kidogo pale vayolini walipoyumba, nikafumba macho pale palipoonekana patamu. Achieng, nesi anayepiga klarineti na ndiye aliyekuwa jirani yangu, akanong'ona, "Muriithi, wewe huna kitu hapa."

"Najipasha moto," nikamwambia.

Nikafungua jicho moja. Mzee anatikisa kichwa polepole, ameridhika. Nawaambia ukweli, nilisikia raha kuliko siku yoyote nimewahi kupiga kwa sauti, na mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi kipande cha pili nikaongeza bidii, nikaanza kupitisha pumzi, kidogo tu, ili kifua kionekane kinapanda na kushuka kama cha mtu anayefanya kazi.

Sasa lazima mjue mambo ya kanisani kwetu. Kanisani kwetu kimya ni aibu, na kimya chote kinachotokea ni changu. Pasta akitafuta miwani, napiga. Umeme ukipotea, napiga. Na wakati wa sadaka ukifika hakuna mtu anatangaza, mimi tu ninapiga ile yangu ya kupanda, noti saba za haraka halafu moja ndefu, na watu wote wanasimama wanakwenda mbele wakicheza. Miaka kumi na moja nimefanya hivyo. Vidole vyangu haviniulizi tena.

Kile kipande cha pili, kumbe katikati yake kina mahali ambapo okestra yote inasimama ghafla. Watu arobaini wanakatika kwa pamoja, Mwalimu amebaki na mkono hewani, na ukumbi mzima unashika pumzi. Ni mahali pazuri sana, nimeambiwa.

Kimya hicho nikakijaza. Noti saba halafu moja ndefu.

Kabla sijatoa mdomo, tata Wangari alikuwa amesimama. Nyuma yake wakasimama akina mama kumi, wakaingia katikati ya viti wakiyumba na kuimba, na kwa sababu ukumbi ule ulijaa watu wa kanisa, na watu wa kanisa wakiona laini ya sadaka hawawezi kubaki wamekaa, safu za nyuma nazo zikaanza kuja. Mwalimu Barasa alikuwa bado ameinua mkono. Tata akafika mbele yake, akapiga goti kidogo, akamwekea kiondo cha nduma miguuni. Mama mwingine akaweka trei ya mayai, sijui hata alikuwa anaipeleka wapi. Na Mwalimu, ambaye ni mtu wa adabu, akageuka, akainama akasema, "Mungu awabariki, akina mama," akangoja mpaka wa mwisho alipokaa, kisha akanigeukia mimi. Akanitazama mikono mpaka nikaikalia.

Walimalizia kipande hicho nami nimeketi mikono chini ya mapaja kama mtoto wa nasari. Kikaanza cha tatu, changu. Nikajiambia, Muriithi, yote haya yatasahaulika ukipiga hivyo vipimo kumi na sita vizuri. Nikahesabu. Nilihesabu vizuri mpaka hamsini na kitu, halafu nikamwona mzee ameweka kofia kichwani, ndani ya ukumbi, na nikaanza kufikiria maana yake, na niliporudi kwa hesabu sikujua kama ni sitini au ni tisini. Nikamwangalia Achieng, naye ananiepuka macho. Nikafanya makadirio. Nilikadiria kwamba bado sana.

Basi nikiwa nimetulia na makadirio yangu, Mwalimu Barasa akaniangalia moja kwa moja akaninyooshea kidole.

Mtu mwingine yeyote angejua ni solo yake imefika. Mimi, na vile nilivyokuwa na hatia, nilielewa kwamba ananifukuza. Na nikaona ana haki. Nikasimama, nikainamia watu (kwa nini niliinama hata mimi sijui), nikabeba saksafoni yangu nikashuka ngazi za jukwaa, nikapita kando ya ukuta mbele ya mzee, mbele ya Nyambura, mbele ya tata Wangari aliyekuwa bado anahema kwa ajili ya sadaka. Nilipofika mlangoni nikasikia nyuma yangu wimbo mtamu sana, nikaujua. Ulikuwa wangu. Kumbe watunzi hao wanajua mtu wa saksafoni ni mtu wa kukosekana, wanaandika sehemu yake kwa noti ndogondogo kwenye karatasi ya mwingine, na Achieng alikuwa anaipiga kwa klarineti, noti kwa noti, na aliipiga vizuri kuliko mimi.

Nilikaa nyuma ya ukumbi karibu na matangi ya maji nikalia, na sioni haya kusema. Nyambura akanikuta hapo. "Ulikuwa na dakika moja ya kazi," akasema. "Moja, Muriithi." Halafu na yeye akalia.

Mzee akaja nyuma yake, polepole, akasimama kwa manyunyu.

"Katika huo muziki, kazi yako ilikuwa ipi kabisa?"

Nikamwambia yote. Vipimo mia moja na arobaini vya kungoja, kumi na sita vya kupiga, na kwamba kule mwanzo nilikuwa najifanya.

"Mimi miaka ishirini na mbili nilikuwa kwa faktori ya kahawa," akasema. "Kazi yangu ilikuwa kuangalia kahawa ikilala kwa tangi mpaka ute wake ulegee. Unakaa, unaingiza mkono, bado. Unakaa tena, unaingiza mkono, bado. Halafu iko saa moja tu ya kuosha, na ukiipitisha hiyo saa, kahawa ya watu wote imeharibika. Mameneja walikuwa wanapita wananiona nimekaa tu. Sijawahi hata siku moja kujifanya naosha." Akatazama saksafoni. "Kama ungekuwa umekaa tu, ningejua wewe ni mtu. Sasa sijakuona ukingoja, na kupiga pia sijakuona."

Akasema atakuja konsati nyingine.

Konsati nyingine ikapangwa, nikakimbia kwa Mwalimu Barasa na kuku wa kuomba msamaha. Akapokea kuku, akanionyesha orodha. Vipande vitatu, na hakuna saksafoni hata kwa kimoja. Nikamsihi, nikamwambia harusi yangu iko hapo. "Hawa watunzi walikufa kabla hiyo kitu yako haijaundwa," akasema. "Unataka niwapigie simu?"

Basi Jumamosi iliyopita nilikaa chini na watu wengine, kando ya mzee, mikono magotini. Saa nzima. Mahali fulani okestra ikakatika, kimya kikashuka, na nikaona vidole vyangu vimeanza vyenyewe kwenye suruali. Mzee akaweka mkono wake mkavu juu ya wangu akaukandamiza, akauacha hapo mpaka vayolini ziliporudi. Sikutoa hata kikohozi.

Nimeapa sitajifanya napiga tena mbele ya mtu yeyote, hata mkwe, na mahali nilipoandikiwa kunyamaza nitanyamaza. Mkiona nimeinua saksafoni, jueni itatoka sauti.

Nje, mzee alivaa kofia yake, akamwambia Nyambura kana kwamba mimi sipo, "Huyu ameweza kungoja. Ambia watu wa Kianyaga waje mwezi wa nane." Akatembea hatua chache, akasimama. "Na waje na nduma. Zangu zililiwa na mwalimu."