Mwalimu wa Mieleka Aliyekataa Mara Mbili

Mnaniambia niandike habari za Esfandiar, kana kwamba mkono huu umezoea kalamu kuliko mwiko. Waliosoma wamejaa mji huu, na wengi wao amewafundisha yeye. Lakini haya, mimi ndiye dada yake, na nikiwaachia wao wataandika vikombe vya ushindi tu.

Esfandiar Kolbadi alifundisha mieleka sekondari ya wavulana hapa Juybar, kaskazini mwa Iran, tangu ndevu zake zikiwa nyeusi hadi zikawa pamba. Masikio yalimkunjamana kwa kusuguliwa na vichwa vya watu. Kwetu mtoto hujua kumkamata mwenzake mguu kabla hajajua kufunga kiatu, kwa hiyo mwalimu wa mieleka si mtu mdogo. Mkeka wa ukumbi aliuosha mwenyewe kila Alhamisi, kwa siki, amepiga magoti. Hakumwachia mfagiaji. "Uso wa mtoto wa watu utalala hapa," alisema. Vijana wembamba aliwaleta nyumbani wale wali na samaki wa moshi mpaka ukoko wa sufuria ukwanguliwe. Akimwona mvivu alimwambia, "Wewe unasimama kama mpunga uliolazwa na mvua. Tumia nyonga kwanza, bwana. Mikono ni ya kulia wali."

Mke hakupata. Mchumba alikuwepo, harusi ikaahirishwa kwa ajili ya mashindano ya mkoa. Ikaahirishwa tena kwa sababu mwanafunzi alivunjika bega, Esfandiar akakesha naye hospitali. Baba wa binti akachoka, akamwoza kwa mwenye duka la dawa kule mjini Sari. Esfandiar alimenya chungwa, akasema, "Amepata mtu anayerudi nyumbani mapema." Basi, hakulizungumza tena.

Mwaka jana, shule zinafungwa, mkuu wa shule, Bwana Navai, alimwita ofisini wanywe chai. Kijana mwenye adabu yule, simsingizii. Akamwuliza, "Mwalimu, umri nao umesogea. Mwakani utaendelea nasi?"

Sasa, kwetu mtu hapokei kitu anapopewa mara ya kwanza, hata iwe chai. Unakataa, unabembelezwa. Unakataa tena, unabembelezwa tena. Ya tatu ndiyo unapokea, kama uliyelazimishwa. Asiyejua hilo hajalelewa.

Esfandiar akajibu, "Nimechoka, mwanangu. Mpeni Shahrokh, ana damu changa." Shahrokh ni mwanafunzi wake wa zamani.

"Utatuacha yatima, mwalimu."

"Yatima gani? Mzee kama mimi ni wa kufukuza kuku."

Akajisogeza kitini, goti likalia. Navai akalisikia, huruma ikamwingia. Badala ya kumbembeleza tena, akainuka akamkumbatia. "Basi tusikuchoshe. Mungu akulipe."

Kazi ya maisha ikaishia hapo, kwa huruma ya mtu.

"Kwa nini hukumwambia unataka?" nilimwuliza aliporudi.

"Niseme nini, dada? Niombe ukumbi kama mwomba mkate?"

"Si umekataa mwenyewe?"

"Mara mbili tu," akasema.

Shahrokh alikuja na boksi la vitamutamu. "Mwalimu, ukumbi ni wako, uje wakati wowote."

"Nije kuwasumbua?"

"Usumbufu gani, bwana?" Halafu simu ikamlia, akaaga mbiombio, kiatu kimoja hakijaingia sawasawa. Esfandiar akabaki mlangoni, jibu lake mdomoni.

Tangu hapo, saa ya mazoezi ikifika, huvaa koti akaenda kwa muuza machungwa anayetazamana na ukumbi. Husimama pale akisikiliza miili ikianguka mkekani. Wavulana wakitoka wanamwamkia, "Shikamoo, mwalimu, afya vipi?" Anawajibu njema, nao wanapita na utani wao. "Ulivyobwagwa leo, mama yako kasikia mpaka jikoni." "Mimi niliteleza." "Jana uliteleza, juzi uliteleza, wewe ni sabuni?" Wakishapita ndipo anacheka, peke yake. Machungwa anayonunua yanatuozea nyumbani. Wali bado anapika sufuria lile kubwa, anakula vijiko viwili vitatu, kilichobaki nampelekea jirani mwenye bata.

Juzi mvua ilinyesha kutwa, akatoka vilevile. Alirudi ameloa chapachapa, akauliza kama kuna mtu amekuja kumwulizia. Nikasema hakuna. Akasema, "Watakuwa na kazi." Akageuza uso ukutani, na koti hakulivua.

Mimi siwezi kumwombea kwa Navai. Akijua dada yake amekwenda kumwombea kazi, atahama mji.

Kwa hiyo wewe unayesoma, uliyenitoa jikoni kwa habari hizi, vaa viatu. Nenda kamwombe arudi ukumbini. Atakataa. Mwombe tena. Atakataa, atakumiminia chai, atakuambia mambo ya uzee. Usiage. Zima simu yako, umwombe mara ya tatu.