Inchi Nne za Matonya

Gari la Matonya nililinyanyua mimi, na nasema mapema ili fundi mwingine asije akajichukulia sifa hiyo. Gereji yangu iko Nkuhungu, jina langu ni Seleman. Kwa miaka kumi na tisa nimewarudisha wateja wengi kwenye akili zao kabla hawajaharibu magari yao. Matonya alinishinda.

Matonya ni Mgogo wa Bahi anayeishi mjini na kusomba mpunga kwa pikapu yake ya milango minne. Mtu mzuri, mchapakazi, mwenye kasoro moja tu: anatazama picha za magari kwenye simu. Siku hiyo aliingia gereji akanionyesha pikapu iliyoinuliwa mpaka mbuzi angeweza kupita chini yake bila kuinama. Alitaka ya kwake iwe hivyo hivyo. Nikamuuliza kama mpunga nao siku hizi unapenda kusafiri ukiangalia mandhari.

Hakucheka, maana alikuwa na sababu. Mwaka uliopita madaktari wa macho walikuja mjini kwa wiki moja, naye akaenda Bahi kumchukua mama mkwe wake, Mama Lea, ambaye mtoto wa jicho alishamfunika macho yote mawili. Wakati wa kurudi, pikapu ikakalia tumbo kwenye tope. Walipokwamuliwa, madaktari walishafunga mabegi. Mama mkwe hakulalamika. Alisema tu, mbele ya ukoo mzima, kwamba gari la mkwe wake linaogopa maji. Afadhali angemtukana. Sasa madaktari walikuwa wamerudi, siku yao ya mwisho ilikuwa Ijumaa, mvua zilikuwa zimekolea, na yule mama alikuwa haoni tena hata mlango wa nyumba yake.

Nikamshauri kitaalamu. Inchi mbili zinatosha: tuongeze pleti kwenye springi za nyuma, tuweke shokapu ndefu kidogo, maisha yaendelee. Ukizidisha hapo, gari linayumba kwenye kona na breki zinataka mipira mirefu zaidi. Alinisikiliza kwa heshima kubwa, halafu akasema anataka inchi nne. Na matairi makubwa. Na kama siwezi, nimwambie tu, ataenda kwa mwingine.

Ningeweza kukataa. Lakini mafundi tuna ugonjwa wetu: mteja akishasema "kama huwezi niambie", basi tunaweza. Nikafunga springi mpya, shokapu mpya, mipira mipya ya breki, kila kitu. Ilinichukua siku mbili na nusu.

Kikabaki kikanyagio, lile bomba la ubavuni ambalo watu wa kawaida hulikanyaga wakipanda. Matonya akasema linaharibu umbo la gari, tena litanasa tope. Nikalifungua kwa mikono yangu mwenyewe, nikalitupa nyuma ya gereji. Wanaume wawili tulikuwa pale, wote tuna akili timamu, na hakuna aliyeuliza mama wa miaka sabini na mitatu atapandaje.

Ijumaa asubuhi akaenda. Pale palipommeza mwaka jana alipita dirisha likiwa wazi, ili kama kuna mtu anatazama, atazame vizuri. Palikuwa na ng'ombe tu. Akafika uani kwa mama mkwe, akasimama kwa mbali, akainamisha kichwa na kusalimia, "Mbukwenyi," kama mkwe anavyotakiwa. Yule mama akatoka na fimbo yake, kanga imefunika nusu ya uso, akapapasa mpaka akaligusa tairi. Akapandisha mkono akitafuta kiti. Akaupandisha tena. Kiti kilikuwa usawa wa kifua chake.

Hapo ndipo inchi nne zilipoanza kazi yake. Kwa jinsi Matonya alivyolelewa, mkwe hamgusi mama mkwe. Hamshiki mkono, sembuse kumbeba. Vijana wote walikuwa majarubani wakipandikiza mpunga. Lea, mke wa Matonya, alikuwa mjini hospitalini akimshikia mama yake nafasi kwenye foleni. Pale nyumbani alikuwepo jirani mmoja tu, bibi Loisi, ambaye mwili wake wote haufikii gunia moja. Alisukuma kutoka nyuma, nusura waanguke wote wawili. Wakaleta kigoda, kikazama kwenye tope. Muda wote huo Matonya, anayebeba magunia peke yake, alisimama hatua tano kutoka pale na mikono yake nyuma.

Mwishowe mama mkwe akageukia upande wa Loisi, maana hakusema na mkwe wake moja kwa moja.

"Muulize, jembe bado anajua kulishika?"

Matonya akapewa jembe. Akachimba mashimo mawili, la tairi la mbele na la tairi la nyuma, upande wa kushoto, ili gari nililolinyanyua kwa siku mbili na nusu lirudi chini. Akaliingiza taratibu mpaka likainama. Mama mkwe akapapasa kiti, akageuka, akaketi. Mashimo nayo yakajaa maji, na gari lililolipita tope la mwaka jana likakataa kutoka kwenye tope la kuchimbwa. Likavutwa na maksai wanne wa mzee Abeli, jirani yao, mama mkwe akiwa ndani, ametulia kabisa. Walifika hospitali saa nane na nusu. Alikuwa mgonjwa wa mwisho.

Wiki iliyofuata wakaja gereji ili nikirudishe kikanyagio mahali pake. Matonya alikuwa ameliosha gari mpaka linang'aa, na alilipaki palipo na jua, kwa bahati tu, bila shaka. Mama Lea, jicho moja limeshafunguka, alilitazama kuanzia tairi hadi paa. Halafu akaitazama mikono ya mkwe wake, iliyokuwa imejaa malengelenge, akanigeukia mimi.

"Fundi, mwambie mkwe wangu gari lake nimeliona. Ni refu. Lakini siku ile nilikuwa sioni, nikawa nalisikiliza jembe tu. Mwambie yale mashimo ndiyo ninayomshukuru."

Matonya alikuwa hatua tano kutoka pale, na masikio yake ni mazima. Hata hivyo nilitumwa. Nikamgeukia, nikamfikishia neno kwa neno. Akajibu kwamba amesikia, kisha akainama kukagua nati za tairi, ambazo nilikuwa nimeshazikaza.