Wageni wa Mlango wa Jikoni

Baba yetu alikuwa fundi wa mafriji, na mafriji, kwa roho mbaya yao, huharibika msimu wa joto. Likizo ikifika, watoto wa wenzetu walipelekwa ziwani kutembea. Sisi tulipelekwa kazini, tukaambiwa ndiyo matembezi.

Palikuwa na hoteli moja ya ziwani ambayo chumba chake cha baridi kilizima kila mwaka bila kukosa, mpaka mama akaanza kumshuku baba kwamba hakitengenezi sawasawa makusudi. "Sasa watoto niwaogeshe wapi bure?" baba alimjibu. Basi tuliingia kwa mlango wa jikoni, baba na sanduku lake la spana, mama na chupa ya chai, kaka na mimi na taulo moja. Tuliogelea nyuma ya ukuta wa kufulia, ambako maji yalinuka sabuni. Mchana tulikaa juu ya makreti ya soda tukala alichotupatia mpishi, huku baba akiwa kaingiza kichwa ndani ya mashine, akiitukana kompresa kwa sauti ya chini ili tusijifunze. Tulijifunza.

Malaika hakuwa. Alikuwa mbishi, mzito wa maneno, na alitengeneza mafriji ya mji mzima huku la kwetu likifungwa kwa mpira miaka tisa. Lakini mmoja wetu akiugua, alimgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, kama anavyogusa bomba, akatangaza, "Huyu anachemka," na siku hiyo haendi popote, hata nyama ya hoteli nzima ioze. Nilimpenda sana, na sikumwambia.

Kaka yangu yeye kafanikiwa. Ana duka la vioo lenye wafanyakazi watatu, mmoja wao mkewe, na anaitwa Mkurugenzi, jina alilojipa mwenyewe ili kuwapunguzia watu kazi. Baba alipofariki, kaka akaanza kumpandisha cheo. Siku ya mazishi alikuwa mhandisi. Baada ya miezi mitatu alikuwa mshauri wa viwanda. Wakwe wa kaka walipokuja kututembelea, baba akawa mgeni wa heshima wa hoteli ile ya ziwani, aliyewekewa meza yake kila msimu. Sijawahi kuona mfanyakazi aliye hai akipanda haraka namna hiyo. Kila nilipopata wasaa nilimcheka kaka, tena mbele ya mkewe.

Mwaka ulipotimia, akaamua tukamkumbuke marehemu kwa chakula cha mchana hotelini, sisi na wakwe zake, mkewe akibaki kulinda duka. Baba mkwe wake, mwalimu mkuu mstaafu, hakuwahi kuamini kwamba binti yake ameolewa pazuri, na kaka alitaka siku hiyo imalize ubishi. Mama aliuliza tu, "Pale tunakwenda kwa nani?"

"Kama wageni, mama. Wageni!"

Tulipofika, kaka alishuka garini amevaa koti katika joto lile, akalifunga vifungo vyote. "Nifuateni," akasema, "hapa kwangu ni nyumbani." Akapita kwenye maua, akakata kushoto penye tangi la maji, akaambaa na ukuta wa kufulia, kifua mbele. Nikamfuata. Mama akafuata, na wakwe nyuma yake. Hakuna kati yetu watatu aliyeshtuka, maana hoteli ile ndivyo inavyoingiwa. Mlango mwingine hatukuwahi kuuona. Tulikuja kuzinduka tumesimama mbele ya maganda ya vitunguu na makreti, na inzi wakitukaribisha.

Baba mkwe alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Meza ya marehemu ndiyo ipi?"

Nilibana mbavu nisicheke. Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mpishi, mvi zimemjaa, kabeba ndoo. Akamtazama kaka, akanitazama mimi, akamwona mama. Akaiweka ndoo chini.

"Shemeji! Na watoto wa Fundi! Jamani, mmekuwa watu wazima! Mzee yuko wapi, anashusha vifaa? Kile chumba kimezima tangu juzi, nimemtafuta kwenye simu hapatikani."

Kaka alimgeukia baba mkwe, kisha mpishi. "Samahani, mzee, umetufananisha. Sisi tumepotea njia tu."

Mpishi akageuka kwangu, macho yake yakiniomba nimwambie kwamba hajazeeka kiasi hicho. Mwaka mzima nilikuwa namcheka kaka, na sasa neno lilikuwa langu. Niliinama nikaanza kukaza kamba za viatu ambazo hazikulegea. Nilimwonea haya baba yangu, na nawaambia hivyo hivyo bila kupunguza.

Mama ndiye aliyesogea. "Hujafananisha, shemeji. Fundi ametutoka. Leo ni mwaka."

Mpishi alivua kofia. Alimshika mama mikono yote miwili, machozi yakamtoka bila kuyaficha. Kisha akatupa pole mmoja mmoja, kama mtu aliyelelewa. Akampa mama, akanipa mimi nikiwa bado nimeinama, akampa mama mkwe na baba mkwe. Mwisho akamfikia kaka, akampa mkono kwa adabu.

"Pole na wewe, bosi, ingawa hukumjua. Alikuwa mtu mzuri sana."

Wakwe walikuwa wanamtazama kaka.

"Ahsante," akasema.