Lori Litarudi, kwa Masanduku Mawili

Juzi nilikwenda mjini Kakamega kununua dawa ya ng'ombe, nikausikia wimbo ule ukitoka kwenye duka la simu. Nilisimama papo hapo barabarani na mfuko wangu mkononi. Kijana wa pikipiki alinipigia honi hadi akachoka, akanizunguka. Kama umri wetu unakaribiana, rafiki yangu, wimbo wenyewe unaujua: dereva anamuaga mpenzi wake, gitaa linatekenya, kisha wanawake wawili wanaitikia, "Usilie, lori litarudi." Mwenye duka aliponiona nimeganda aliniuliza kama nataka anitilie kwenye simu. Akasema anazo mbili, moja ya mono na nyingine ya stirio, nichague. Angejua ananiuliza nini, angeniletea kiti kwanza.

Nimekua na wimbo huo Shinyalu, kwa nyanya, miaka ile bendera yetu ilikuwa ingali mpya na watu wazima walikuwa bado wanaitazama ikipandishwa kana kwamba itabadilisha nia. Mmoja wa wale wanawake wawili alikuwa mama yangu. Baba alikuwa na kazi Nairobi, mama aliimba kanisani, bendi ikakosa watu wa kuitikia, basi akaitwa alasiri moja, akaimba, akarudi nyumbani kupika. Haikupita muda mrefu homa ikamchukua, nami nikaletwa kwa nyanya nikiwa bado sijui kufunga vifungo vya gauni. Uso wa mama niliujua kwa picha ya harusi. Sauti yake ilibaki ndani ya santuri ya wimbo ule tu, na santuri ilikuwa kwa mwalimu wa shule yetu.

Jumapili baada ya kanisa tulikula obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda uliopikwa kwa maji ya majivu, ule unaoteleza kooni bila kuomba ruhusa. Kisha nyanya alijifunga leso safi, tukakata mashamba ya mahindi kwenda kwa mwalimu. Kinanda chake cha betri kilikaa juu ya kitambaa cha kufuma, na spika yake ilikuwa moja, ndani ya kifuniko. Kila kitu kilitokea tundu lile moja, kama watu wanaotoka kanisani kwa mlango mmoja: gitaa, ngoma, dereva na wanawake wake wamebanana, hujui nani kamkanyaga nani. Siku hizo hatukujua kwamba hiyo ndiyo inaitwa mono. Tulijua ni tamu. Mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati, wimbo ulizama ndani ya mvua, nami nililala mapajani mwa nyanya nikihisi mama yuko chumba cha pili, anaongea na mgeni, atatoka sasa hivi.

Siku moja nilimuuliza nyanya mama ni yupi kati ya wale wawili. Alifikiri kidogo, akasema, "Ile ya juu."

Ile ya juu! Wewe uliyewahi kuusikia wimbo ule unajua sauti hiyo inavyopaa mwishoni na kukaa huko juu bila kushika kitu. Nilijivuna nayo kuliko mtoto mwenye viatu. Nilipokwenda kisimani niliifukuzia hiyo sauti, niliposaga wimbi niliifukuzia, na majirani walinicheka, "Mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini huyu wetu analia kama jogoo." Katika kwaya ya shule niling'ang'ania sauti ya kwanza hadi mishipa ikanisimama shingoni. Mwalimu alinivumilia katika hilo. Kisichovumilika kwake kilikuwa r zetu. Sisi tulisema "rara" tukitaka kulala na "karamu" tukitaka kalamu, naye alitupanga mstari tukariri, "Lori la Lulu limelala," na aliyesema "roli" alifyeka nyasi za uwanja.

Jirani yetu mmoja alikuwa karani katika ofisi za serikali mjini. Wazungu walipoondoka alipandishwa cheo akapewa nyumba huko, na jambo la kwanza alilonunua ni kinanda cha stirio. Alikuja mwenyewe kumwambia nyanya kwamba santuri kubwa aliyonunua pamoja nacho ina ule wimbo wa lori.

"Mama, hii haichanganyanga watu," alisema. "Kila mtu anaimbia mahali yake. Hata mwenye alikohoa utajua alikuwa amekaa wapi."

Nyanya hakuupenda mji. Alisema una watu wengi wasiosalimia. Lakini Jumamosi iliyofuata tulitoka asubuhi, yeye na ingokho kwapani, kuku wa kumpa mwenyeji, mimi nikiruka mbele. Nilikuwa nakwenda kumsikia mama peke yake, bila kubanwa na mtu. Sikuwa na jambo jingine maishani.

Sebule ya karani ilijaa. Mwalimu alikuwepo, amevaa tai. Masanduku mawili ya mbao yalikuwa yamewekwa mbali mbali, moja karibu na mlango, jingine chini ya dirisha. Karani aliweka sindano, na kweli, rafiki yangu, chumba kilifunguka. Ngoma zilikaa dirishani, gitaa likaja mlangoni, dereva akasimama katikati, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila zulia. Halafu kiitikio. Kwenye sanduku la mlangoni ikapaa ile sauti yangu ya juu, safi, kila neno limepigwa pasi: "Usilie, lori litarudi." Nilikimbia nikachuchumaa hapo, sikio kwenye kitambaa cha sanduku.

Na kutoka dirishani, sauti ya chini, nzito, isiyo na haraka, iliimba wazi kabisa: "Usirie, roli ritarudi."

Mwalimu hakujizuia. Mazoea ni kitu kibaya. "Lori!" alisema kwa nguvu. "Litarudi!" Sebule nzima ikaangua kicheko.

Nyanya alikuwa ameshainuka. Alivuta kigoda chake, akakiburuta hadi dirishani, akaketi karibu na sanduku lile, akaliwekea kiganja juu. Nilimwita, "Kukhu, ni huku!" Alinitikisia kichwa. Kisha akamgeukia mwalimu.

"Nyamaza, mwarimu. Huyo unafundisha ni mtoto yangu."

Kicheko kilikatika. Mwalimu, ambaye alikuwa ameicheza santuri yake miaka yote bila kuisikia r hata moja, alitazama viatu vyake. Karani aliurudisha wimbo mwanzo bila kuambiwa, akaurudisha tena, na hakuna aliyeomba wimbo mwingine. Mimi nilibaki mlangoni, nimekumbatia sanduku la mwanamke nisiyemjua.

Njiani nililia. Nilihisi nimefiwa mara ya pili, na safari hii nilikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa. Nilimuuliza nyanya mbona aliniambia ni ile ya juu.

"Kwa ile kinanda ya mwarimu hata mimi sikumusikianga," alisema. "Wamebanana. Na wewe ulikuwa mudogo, una hamu ya mama. Nikakupatia ile tamu."

Nilimkasirikia wiki kadhaa, kisha nikachoka kukasirika. Niliporudi kwa mwalimu Jumapili moja, akaweka santuri yake ya zamani, nilimsikia. Pale pale, katika ule msongamano wa mono, chini kabisa, mama alikuwa ameishikilia ile sauti ya juu isianguke. Sijui nilikuwa wapi siku zote. Katika kwaya nilihamia sauti ya pili bila kuomba, na mwalimu hakuniuliza. Koo langu lilipumzika.

Nyanya ametutoka, mwalimu ametutoka, na nilipopita mara ya mwisho kinanda cha karani kilikuwa kimefanywa kiota cha kuku. Mvua yenyewe haiji tena kwa saa zake. Watoto wa Shinyalu wanachanganya r na l wapendavyo, hakuna anayewafyekesha nyasi, na wengi wao hawajui kwamba bibi mmoja wa kwao anaimba ndani ya simu zao. Nimemzidi mama umri zaidi ya mara mbili. Nikimsikiliza sasa namsikia msichana, mdogo kuliko kitinda mimba wangu, na namwonea huruma.

Zote mbili ninazo. Mono naipenda, humo mama ana wenzake. Lakini kwenye stirio kuna kitu ambacho siku ile kwa karani sikukisikia. Kabla tu ya kiitikio cha kwanza, upande wake, mama anavuta pumzi. Katika mono gitaa limeifunika. Ni pumzi fupi, ya mtu mwenye woga kidogo. Hajaimba bado, hajachekwa, hajaugua. Anajaza kifua tu, yu hai.